Mahali pa Kusomea Chuoni Malindi: Mwongozo Kamili wa Kuchagua kwa Kazi, Saa na Upepo

Mwanafunzi mpya anapotembezwa chuoni siku ya mapokezi huonyeshwa maktaba, hosteli, kantini na ofisi ya karo, kisha huachwa ajitafutie mengine. Wengi huamini kwamba mahali pa kusomea ni maktaba, na maktaba ikijaa hurudi chumbani, wakalala kitabu kikiwa kifuani. Ndivyo ilivyo katika vyuo vingi vya hapa Malindi, viwe vya uuguzi, vya ufundi, vya utalii au vya ualimu: viti vya maktaba havitoshi, madarasa hufungwa yakiwa matupu, na sehemu bora ya kivuli hukaliwa na pikipiki. Hata hivyo, hata kampasi yenye majengo matatu na uwanja wa mchanga huwa na sehemu za kusomea zinazomtosha anayejua kuzitafuta.

Mwongozo huu umejengwa juu ya hoja moja, kwamba hapa pwani hakuna mahali panapofaa siku nzima wala mwaka mzima. Ukumbi wa nje wa jengo (veranda) unaokufaa mwezi wa Julai utakuchoma mwezi wa Januari, na darasa tulivu la asubuhi huwa tanuri ifikapo saa tisa. Kwa hiyo usitafute kiti kimoja cha kudumu. Tafuta vitatu au vinne, na ujue kila kimoja kinafaa kazi gani, saa gani na msimu gani.

Hatua ya kwanza: tenganisha kazi zako

Kabla ya kutoka kutafuta, chukua ratiba ya muhula na uandike kando ya kila somo ni kazi ya namna gani inayokungoja. Kusoma sura mpya ya anatomia au kanuni za uhasibu kunataka mahali pasipo na maneno ya watu. Nimesema maneno, wala si kelele zote. Majaribio ya kumbukumbu yaliyofanywa tangu miaka ya 1970 yameonyesha kwamba sauti ya mtu anayezungumza, hata kwa lugha usiyoijua, huharibu uwezo wa kukumbuka mambo kwa mfuatano wake, ilhali mngurumo usiobadilika huharibu kidogo sana. Kwa hivyo ni heri kukaa karibu na pampu ya maji inayonguruma kuliko kukaa karibu na marafiki wawili wanaonong'ona.

Kazi ya pili ni kujihoji: kufunga kitabu na kueleza ulichosoma bila kutazama. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Marekani, walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma matini na wale waliojipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo, lakini baada ya wiki moja waliojipima waliwaacha mbali. Wengi hapa kwetu hujihoji kwa sauti, na sauti hiyo haina nafasi maktabani. Tafuta basi mahali unapoweza kusema peke yako bila kuonekana umechanganyikiwa: nyuma ya karakana saa za mchana, kwenye ngazi za nje za jengo, au ukutani upande usio na njia ya watu.

Mjadala wa kikundi unataka meza na ruhusa ya kuzungumza. Kuchapa kazi ya kozi kunataka stima na intaneti. Zile dakika arobaini kati ya kipindi na kipindi zinataka kitu kimoja tu, nacho ni ukaribu na darasa linalofuata. Usizipoteze ukitembea kwenda kutafuta palipo bora.

Hatua ya pili: ijue kaskazini, kisha uyasome majengo

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

Anza kwa kujua pande. Malindi na Makka ziko karibu kabisa katika mstari mmoja wa longitudo, kwa hiyo kibla, yaani upande wanaouelekea wanaoswali, ya msikiti wowote wa hapa huelekea kaskazini, tofauti ikiwa chini ya digrii moja. Ukiujua ukuta wa mihrabu, ule wenye kishubaka anachosimama imamu, wa msikiti wa chuo au wa mtaani, umeijua kaskazini bila dira. Bahari iko mashariki. Pande mbili hizo zikikukaa akilini, zunguka kila jengo la chuo na uandike katika daftari ni upande gani una ukumbi, upande gani una madirisha makubwa, na upande gani umefunikwa na mti au jengo jirani.

Sasa weka jua juu ya ramani hiyo. Asubuhi jua linatoka baharini, kwa hiyo kivuli cha jengo huangukia upande wa magharibi. Baada ya adhuhuri mambo hugeuka na kivuli huhamia upande wa bahari. Hilo ni la kila siku. Lipo pia la msimu. Kwa kuwa Malindi iko kusini ya ikweta kwa digrii tatu na kitu, jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini wa anga kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, halafu huhamia upande wa kusini hadi Machi nyingine. Maana yake ni kwamba ukumbi unaotazama kusini huwa na kivuli mchana kutwa katikati ya mwaka, na ukumbi unaotazama kaskazini huwa na kivuli kutoka Oktoba hadi mapema Machi.

Hapo ndipo upepo unapoingia, na hapo ndipo ukazi wa pwani unapokuwa na faida. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, ukipamba moto kati ya Juni na Agosti, yaani katika miezi ileile ambayo upande wa kusini una kivuli. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, wakati upande wa kaskazini ndio wenye kivuli. Kwa maneno mengine, kila msimu upande wenye upepo ndio huohuo wenye kivuli, na anayebaki upande uleule mwaka mzima hupoteza vyote viwili kwa nusu mwaka. Ukiongeza saa za siku, utaona kwamba alasiri ya Julai kona ya kusini-mashariki ya jengo haina mpinzani, na alasiri ya Januari nafasi hiyo huchukuliwa na kona ya kaskazini-mashariki. Asubuhi, sogea upande wa magharibi wa ukumbi uleule, kwa kuwa jua la saa mbili na saa tatu huingia chini ya paa na kukupiga usoni.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Mvua za masika huja pamoja na kuanza kwa Kusi, kwa hiyo mwezi wa Mei ukumbi wa kusini huingiwa na maji ya mshazari hata ukiwa na paa pana. Kaa ndani karibu na dirisha hadi mvua zipungue. Kisha kuna majira ya tanga mbili, mwezi wa Machi na Aprili, upepo unapokuwa haujui uende wapi na joto likawa kali kuliko mwaka wote. Wakati huo hakuna ukumbi utakaokuokoa mchana. Hamishia kazi ngumu kwenye alfajiri.

Paa nalo lina neno. Darasa lililoezekwa mabati bila dari huanza kuwaka saa tano na halipoi hadi jua lichwe. Chumba cha ghorofa ya juu chini ya saruji hufanya kinyume: huwa na nafuu asubuhi, halafu saruji iliyokunywa jua mchana kutwa huutoa moto wake jioni, wakati ule unapoketi kusoma. Kwa masomo ya jioni chagua ghorofa ya chini. Banda la makuti ni bora mchana, likiwa wazi pande zote, ingawa vumbi la makuti makuukuu huanguka juu ya karatasi na kuingia katika kibodi.

Asiyeamini kwamba joto linaathiri akili atazame utafiti uliofanywa Boston, Marekani, katika kiangazi cha mwaka 2016. Wanafunzi wa chuo waliolala katika bweni lisilo na kipoza hewa wakati wa joto kali walijibu majaribio ya asubuhi polepole zaidi kuliko wenzao wa bweni lenye kipoza hewa, ingawa wote walikuwa vijana wenye afya. Wale walikuwa na joto la siku chache. Sisi tuna miezi, na ingawa mwili uliozoea ni tofauti na mwili mgeni, hakuna sababu ya kujitesa pale kivuli chenye upepo kipo upande wa pili wa jengo.

Hatua ya tatu: kagua kiti kabla ya kukikubali

Ukishapata upande, kagua mahali penyewe kwa kuketi, si kwa kupitia. Keti dakika kumi ukiwa na daftari lililofunguliwa. Bonyeza meza kwa kiwiko uone kama inayumba, kwa kuwa meza inayoyumba hukuandikisha vibaya na kukuchosha bila wewe kujua. Karatasi iliyokunjwa mara nne chini ya mguu mmoja huponya meza nyingi. Viti vya plastiki vyenye mikono mara nyingi haviingii chini ya meza za darasani, ukajikuta umeinama mbele kama unayeokota sindano. Chukua kiti cha mbao hata kama ni kigumu, na ubebe kanga au kikoi cha kukalia.

Mwanga wa kusomea kwa muda mrefu unapaswa kufikia takriban lux 500 (lux ni kipimo cha mwanga) juu ya meza, kiwango kinachotumika Ulaya kwa ofisi na kazi za kuandika, na programu za bure za simu zinaweza kukupimia kwa makadirio. Njia isiyohitaji simu ni kunyoosha mkono juu ya ukurasa: kivuli cha vidole kikiwa kizito na maandishi yaliyo chini yake yakififia, taa iko mahali pabaya au ni moja tu. Anayeandika kwa mkono wa kulia akae taa au dirisha likiwa kushotoni kwake. Usikae ukitazamana na dirisha linaloelekea baharini au kwenye mchanga mweupe, kwa maana macho hupambana na mng'ao huo na baada ya saa moja kichwa kinauma.

Soketi ijaribiwe, isiangaliwe tu. Katika darasa lenye soketi sita ni kawaida kukuta mbili zinazofanya kazi, na moja kati ya hizo hushika chaja ukiiegemeza kwa kitabu tu. Andika katika daftari lako zipi zinafanya kazi. Kwa kuwa stima hukatika bila taarifa, jizoeze kupakua maandishi ya mihadhara mapema na kuchaji simu na kipakatalishi kila unapopata nafasi, wala si betri inapofikia mwisho.

Vuta pumzi pia. Mahali palipo karibu na jiko la kantini hukunusisha vitunguu vinavyokaangwa kuanzia saa tano, na karibu na vyoo hakuhitaji maelezo. Chumba kilichofungwa madirisha na kujaa watu hulewesha usingizi kwa hewa iliyotumika. Ukiona kundi zima linapiga miayo, fungua dirisha kabla ya kulaumu chakula cha mchana.

Hatua ya nne: yatafute madarasa matupu

Darasa tupu ni hazina ya kampasi ndogo. Lina meza, ubao, feni na mlango, na kwa saa nyingi za juma halina mtu. Pata nakala ya ratiba kuu, ile inayobandikwa karibu na ofisi ya msajili au ya mkuu wa idara, na si ratiba ya darasa lako pekee. Chora jedwali la vyumba na saa, kisha ufute kila kipindi kilichojazwa. Kinachobaki ndicho chako. Ongeza siku ambazo vikundi vyote viko nje: wanafunzi wa uuguzi wanapokwenda hospitalini, wa utalii wanapokuwa hotelini kwa mafunzo ya kazi, au wa ualimu wanapofundisha shuleni, vyumba vyao hubaki wazi kwa majuma.

Ruhusa iombwe mapema, na iombwe kwa mtu anayeshika ufunguo. Mara nyingi huyo ni askari wa zamu, na wanafunzi wengi hukosa darasa kwa sababu humpita bila salamu kisha hurudi kumwamuru. Mazungumzo yanayofungua mlango huenda hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Sisi ni wa uuguzi, mwaka wa pili. Tunaomba kukaa darasa la tatu mpaka saa mbili usiku. Mwakilishi wetu ameandika jina na namba yake hapa. Madirisha tutafunga wenyewe, na feni tutazima."

"Haya. Saa mbili kamili napita, niwakute mmeshafunga. Na viti msitoe nje."

Timiza kila ulichoahidi siku ya kwanza, na kuanzia juma la pili hutaulizwa tena. Ukiacha taa zikiwaka mara moja tu, darasa hilo litafungwa kwa kila mtu, si kwako peke yako. Futa ubao, ukiwa umepiga picha ya mlichoandika.

Maabara na karakana ni habari nyingine. Usiombe kusomea humo bila msimamizi hata kama ni patulivu, kwa kuwa kuna vifaa, kemikali na mashine, na kitu kikipotea utakuwa wa kwanza kuitwa.

Hatua ya tano: itumie maktaba kwa kinachopatikana humo tu

Maktaba iwekee kazi ambayo haiwezi kufanyika pengine: vitabu visivyoazimwa nje, mitihani ya miaka iliyopita na ukimya wa kweli. Kusoma maandishi yako mwenyewe ukiwa umekalia kiti cha maktaba wakati wa msongamano ni kumnyima nafasi mwenye haja ya kitabu.

Katika maktaba zinazopanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, tiba na uuguzi huanzia 610, uhandisi 620, kilimo 630, usimamizi wa hoteli uko 647, uhasibu 657 na elimu 370. Ijue namba ya somo lako, kisha usikae mbele ya rafu hiyo. Hapo ndipo wenzako watakaposimama, watakapochagua na watakaposalimiana. Kaa mbele ya rafu ambazo kozi za chuo chako hazizigusi sana. Katika chuo cha ufundi, kwa mfano, sehemu ya dini na falsafa huwa tulivu mno. Epuka pia viti vya karibu na kaunta na vya karibu na mlango.

Muulize mkutubi ni saa gani maktaba huwa na watu wachache, na ni vitabu gani huwekwa nyuma ya kaunta kwa matumizi ya saa chache. Mkutubi anayekujua kwa jina atakutafutia kitabu kilichopotea rafuni. Asiyekujua atakuelekeza kwenye katalogi.

Hatua ya sita: chini ya miti na mabarazani

Kusomea nje kunafaa kujihoji, kusoma mambo mepesi na majadiliano ya watu wawili watatu. Mti uchaguliwe kwa makini. Usikae chini ya mnazi, hata kwa dakika tano, kwa kuwa nazi na makuti makavu haviagi kabla ya kuanguka. Mwembe una kivuli kizito kuliko yote, lakini chunguza shina na majani kwanza: wale chungu wekundu waitwao maji moto hujenga humo, na kuanzia Desemba embe zilizoiva huleta nzi. Mkungu hutandaza matawi yake kwa ngazi na kutoa kivuli kipana. Mwarobaini una kivuli chepesi kinachopitisha upepo, nao ndio ninaoupendelea. Mti wowote ulio karibu na kantini una kunguru, na kunguru wa Malindi hawamwogopi mtu mwenye hamri mkononi.

Beba vijiwe viwili vya kuzuia karatasi. Beba na maji.

Msikiti wa chuo, kwa wanaume na kwa wanawake wenye sehemu yao, ni mahali patulivu kati ya adhuhuri na alasiri, na kusoma msikitini ni desturi ya zamani hapa pwani. Hata hivyo muulize imamu au msimamizi kwanza, soma kimya, usilaze vitabu njiani mwa wanaoswali na usichaji simu kwa soketi ya msikiti bila kuruhusiwa. Ukumbi wa kanisa la jirani nao huweza kuombwa siku za kazi kwa adabu hiyohiyo.

Ama ufukweni, kila mgeni hushauriwa na wenzake aende akasome kandokando ya bahari au karibu na Nguzo ya Vasco da Gama, eti mandhari hufungua akili. Mandhari ni mazuri kweli. Lakini mng'ao, mchanga, upepo unaofungua kurasa usizozitaka na vijana wanaouza vinyago watakuachia ukurasa mmoja kwa alasiri nzima. Nenda ukapumzike huko baada ya kusoma.

Kwa wanaosomea Lamu, ushauri wa pande na upepo ni uleule, kwa kuwa kibla cha huko nacho kinakaribia kaskazini kabisa, kikielekea magharibi kwa digrii chache. Mji wa Kale, ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, una faida ya nyumba za mawe ya matumbawe zenye kuta nene. Chumba cha ndani cha chini humo huwa na ubaridi hata saa nane mchana, ingawa kina giza na kinataka taa ya meza. Baraza la nje lina kivuli na upepo wa kichochoro, lakini halifai kusomea. Kila apitaye atakusalimu, nawe huwezi kuacha kuitikia, na punda aliyebeba mawe atakutaka uinue miguu. Siku za Maulidi, mji unapojaa wageni kutoka pwani yote, panga kusoma alfajiri au usipange kabisa.

Hatua ya saba: panga usiku

Jua hapa huchwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo mwaka mzima, kwa hiyo nusu ya muda wako wa kujisomea uko gizani. Usiku, usalama utangulie utulivu. Usisome peke yako katika jengo ambalo askari halipitii. Muwe watatu au zaidi, mjue atakayefunga mlango, na mkubaliane njia ya kurudi kabla ya kuketi. Wanaoishi nje ya chuo waweke akiba ya nauli ya tuktuk isiyoguswa kwa chai, na wanawake hasa wasikubali mjadala unaomalizika baada ya saa tatu bila mpango wa kuwafikisha nyumbani.

Mbu hawangoji usiku peke yao. Anayeeneza malaria huuma usiku, lakini anayeeneza dengi, ugonjwa ambao umewahi kulipuka mara kadhaa katika pwani yetu, huuma mchana, hasa asubuhi na jioni. Kagua maji yaliyotuama katika makopo, magurudumu makuukuu na vyungu vya maua karibu na kiti chako, uyamwage. Jioni vaa nguo ndefu na uelekeze feni miguuni, kwa maana mbu hushindwa kuruka katika upepo.

Hatua ya nane: pima kwa kilichofanyika

Kwa majuma mawili, kila unapomaliza kikao andika mstari mmoja: mahali, saa, kazi na ulichokimaliza. Usiandike ulivyojisikia. Kuna sehemu zinazopendeza ambamo hakuna kinachofanyika, na kantini yenye chai nzuri ndiyo ya kwanza. Simu ikae mkobani wakati wa jaribio hili. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2017 ulidai kwamba simu iliyo mezani hupunguza uwezo wa akili hata ikiwa kimya, na ingawa watafiti waliofuata hawakupata matokeo hayo kila mara, huhitaji mtafiti kukuambia simu yako inakufanyia nini.

Usiogope kuhamahama. Majaribio ya mwaka 1975 ya Godden na Baddeley, nchini Uingereza, yaliwaonyesha wapiga mbizi wakikumbuka vizuri zaidi orodha za maneno pale walipojifunzia, iwe nchi kavu au chini ya maji. Kwa sababu hiyo wapo wanaosisitiza kusomea katika chumba cha mtihani, na si wazo baya kufanya hivyo mara chache. Lakini mtihani wa kliniki hufanyiwa wadini, na kazi yenyewe hufanyiwa popote. Mwaka 1978 Smith, Glenberg na Bjork waligundua kwamba waliosoma orodha ileile katika vyumba viwili tofauti waliikumbuka vizuri kuliko waliorudia katika chumba kimoja. Somo gumu lisomewe basi darasani leo, na ukumbini kesho kutwa.

Hatua ya tisa: Ramadhani, majuma ya mitihani na barua kwa uongozi

Mwezi wa Ramadhani hubadilisha kila kitu. Anayefunga huwa na akili nyepesi baada ya daku na alfajiri, kisha huchoka alasiri, na baada ya tarawehe hosteli huchangamka hadi usiku mkubwa. Hamishia usomaji mzito kwenye saa kumi na moja hadi saa tatu asubuhi, na uombe darasa lifunguliwe mapema. Asiyefunga atakuta kantini tupu mchana, ikiwa na meza na feni; aombe kuitumia kwa kusoma tu, asifungue chakula humo.

Majuma ya mitihani yakikaribia, usishindane kuwahi kiti cha maktaba. Kuweka kitabu mezani saa moja asubuhi ili kushika nafasi hadi adhuhuri ni tabia inayochukiza. Badala yake, wiki sita kabla ya mitihani, mwakilishi wa darasa aandikie ofisi ya msimamizi wa wanafunzi barua fupi iliyotaja chumba, siku, saa, idadi ya watakaosoma, jina la atakayeshika ufunguo na namna chumba kitakavyofungwa. Barua inayosema kwamba wanafunzi hawana mahali pa kusomea hujibiwa kwa maneno ya pole. Barua inayoomba darasa la tatu, Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, huwekewa sahihi au hukataliwa kwa sababu inayoweza kujadiliwa. Ikikubaliwa, toeni nakala mbili: moja ibandikwe mlangoni mwa darasa, na nyingine apewe askari wa zamu ya usiku mwenyewe, kwa sababu askari wa mchana huondoka saa kumi na mbili pamoja na maelezo yote mliyompa.